Mtaa Upi Utangulie? Faiba na Ramani ya Jana

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walinena wahenga. Ukweli wa methali hii unadhihirika leo kando ya barabara za miji ya Kenya, pale vijana waliovalia jaketi zenye kumeremeta wanapochimba mitaro myembamba au kuparamia nguzo za umeme ili kutandaza nyaya nyeusi. Ndani ya kila waya mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha habari kwa mmweko wa mwanga. Hiyo ndiyo faiba. Nyumba inayofikiwa nayo hupata intaneti ya kasi kwa bei moja ya mwezi mzima. Nyumba isiyofikiwa hubaki kununua bando za simu, leo za shilingi ishirini, kesho za hamsini, na kuipima kila dakika ya masomo kwa mizani ya mfuko.

Swali lisiloulizwa vya kutosha ni hili: ni nani huamua kwamba waya utaishia kwenye kona hii na wala si kona ile? Mtaa upi hutangulia, upi husubiri, na kwa kigezo gani?

Jibu linalotolewa aghalabu ni fupi: soko ndilo huamua. Kampuni huelekea kwenye wateja kama nyuki aelekeavyo kwenye maua, na hakuna anayemlaumu nyuki. Jibu hilo lina ukweli wake, ila si ukweli mzima. Nyuki hana kamati inayoketi mezani na kuchora ramani, kampuni inayo. Mwalimu Julius Nyerere alizoea kusema kwamba kupanga ni kuchagua, na anayechagua hana budi kuulizwa amechagua vipi. Foleni ya mitaa inayongojea faiba, ikipangwa kwa kutazama uwezo wa kulipa pekee, huirudia ramani ya utengano iliyochorwa na watu waliokwisha kuaga dunia zamani. Kwa sababu hiyo, foleni hiyo haifai kuwa siri ya ofisini. Ni suala la umma.

Yafaa kwanza kukumbuka mambo yalikotoka. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Mwezi Juni mwaka huo mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu kwa umbali wa takriban kilomita 5,000, ulitia nanga Mombasa. Mwezi wa Julai mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga mkongo wa taifa ujulikanao kama NOFBI ili kuziunganisha sehemu mbalimbali za nchi. Bahari ikavukwa, na nyika ikavukwa. Kilichosalia ni safari fupi kuliko zote: kutoka barabara kuu hadi mlangoni pa mwananchi. Ajabu ni kwamba safari hiyo fupi ndiyo iliyowashinda wengi.

Hesabu ya kampuni katika safari hiyo haina fumbo. Uzi mmoja hutoka kwenye kituo na kufika mtaani, ambapo kifaa kidogo huugawanya mwanga wake kwa nyumba 32, au hata 64. Kampuni huzitenga nyumba katika mafungu mawili: zile ambazo waya umepita karibu nazo, na zile ambazo wenyewe wamekubali kulipa na kuunganishwa. Waya ukizipita nyumba 64 na wanne tu wakalipia, kampuni imepata hasara. Wakilipia thelathini, imepata faida. Juu ya hayo huongezwa gharama ya kuchimba au ya kukodi nguzo, ada za kaunti, na ridhaa ya wenye majumba. Mpangaji wa kampuni hujaribu basi kubashiri mambo mawili: kuifikia nyumba moja kutagharimu kiasi gani, na je, mwenye nyumba atalipa?

Hapo ndipo msomaji anapofaa kusita na kutafakari. Iwapo gharama ya kutandaza ingalikuwa ndiyo kigezo kikuu, mitaa ya Pipeline, Zimmerman na Githurai, ambako familia nyingi huishi katika jengo moja la ghorofa na jengo hupakana na jengo, ingalitangulia mbele ya Karen, ambako kila nyumba imekaa peke yake katikati ya bustani. Waya wa mita chache ungaliwatosha wapangaji wa Pipeline, ilhali mita zizo hizo huko Karen zingaliishia kwenye lango moja. Kinyume chake, faiba ya majumbani jijini Nairobi ilianza aghalabu kwa wenye kipato, na mitaa ya mashariki mwa jiji ikangoja. Kilichoamua, basi, hakikuwa umbali. Ilikuwa dhana kuhusu mfuko wa mwenye nyumba. Na dhana hiyo haikuwa sahihi daima, kwa maana faiba ilipofika hatimaye katika mitaa kadhaa ya Eastlands, mara nyingi kupitia watoa huduma wadogo wanaouza huduma ya bei nafuu, wateja walipatikana. Kiu ilikuwapo siku zote. Mtungi ndio uliokosekana.

Dhana kama hiyo haikuzuka jana. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Uingereza, alipendekeza miji ya Afrika Mashariki igawanywe kwa misingi ya rangi, na akatumia usafi na hofu ya maradhi kama hoja. Vilima vya magharibi na kaskazini vikawa vya Wazungu; Wahindi wakapata Parklands na Ngara; Waafrika wakasukumwa kwenye tambarare za mashariki. Sheria za utengano zilifutwa, lakini barabara pana, mabomba ya majitaka, hatimiliki za ardhi na miti ya kivuli havikuhama. Faiba nayo hupenda kupita palipo na barabara iliyopimwa, nguzo iliyosimama wima na nyumba yenye nambari. Hivyo basi, mtandaza faiba anayejiona hana ubaguzi wowote hujikuta akizifuata nyayo za mbaguzi. Katika miji kadhaa ya Kenya, kuanzia Kisumu na Nakuru hadi Kitale na Kakamega, kuna mtaa uitwao Milimani, makao ya maafisa wa enzi ya ukoloni. Je, ni mkazi gani wa miji hiyo anayehitaji ramani ya kampuni ili abashiri huduma mpya huanzia wapi?

Wala si wakoloni pekee wa kulaumiwa. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, serikali ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Waraka huo ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mapato, yaani sehemu zenye ardhi nzuri na mvua, zenye usafiri na umeme, na zenye watu walio tayari kuupokea ukuaji. Iliaminika kwamba neema ingetiririka kutoka huko hadi kwingine. Vizazi viwili baadaye, maeneo ya kaskazini bado yalikuwa yakiulizia barabara ya lami. Kigezo cha faiba ni mjukuu wa waraka huo: palipo na kitu ndipo paongezwe, na pasipo na kitu pangoje matone.

Huenda msomaji akadhani kwamba dawa ni kuwaachia wakazi wenyewe wapige kura. Jaribio la namna hiyo lilikwisha kufanyika huko Marekani, na matokeo yake yana mafunzo. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba ingejenga mtandao wa faiba wa kasi isiyo ya kawaida, na takriban miji na jumuiya 1,100 zikaomba zichaguliwe. Mji wa Topeka katika jimbo la Kansas hata ulijibandika jina la Google kwa mwezi mmoja. Mwaka 2011 walioteuliwa walikuwa majirani wawili wanaotumia jina moja, Kansas City ya jimbo la Kansas na Kansas City ya jimbo la Missouri. Mwezi Julai mwaka 2012 miji hiyo iligawanywa katika mitaa 202, na kila mtaa ukapewa majuma sita kuonyesha hamu yake. Kila nyumba iliyotaka huduma ilijiandikisha kwa dola 10. Mtaa ulihitaji kufikisha asilimia fulani ya nyumba zake, kati ya 5 na 25, kulingana na jinsi nyumba zilivyosongamana. Waliofikisha wangejengewa, na wenye idadi kubwa zaidi wangetangulia. Waliokosa wangerukwa.

Kwa nje, utaratibu huo ulikuwa wa haki kuliko haki yenyewe. Hakuna afisa aliyechagua, wala hakuna aliyeulizwa rangi wala mshahara. Lakini majuma yalivyosonga, ramani ya waliojiandikisha ilianza kufanana na ramani nyingine ya kale. Huko Missouri kuna barabara iitwayo Troost, ambayo kwa miongo mingi imekuwa mpaka baina ya Wazungu wanaoishi magharibi yake na Wamarekani Weusi wanaoishi mashariki. Magharibi mwa Troost mitaa ilifuzu upesi. Mashariki mitaa mingi ilikwama. Sababu hazikuwa uvivu wala ujinga. Kujiandikisha kulihitaji kadi ya benki na anwani ya barua pepe, nao wengi hawakuwa na kadi, wala hawakuwa na intaneti ya kuombea intaneti. Aidha, wengi walikuwa wapangaji, na uamuzi wa kuunganisha jumba ulikuwa wa mwenye jumba. Baya zaidi, shule na maktaba zilizoahidiwa huduma ya bure ziliipata tu iwapo mtaa uliozizunguka umefuzu. Mtoto wa mtaa uliokwama alipoteza mara mbili: nyumbani na shuleni.

Lililookoa jahazi ni watu. Walimu, wafanyakazi wa maktaba, vikundi vya hisani na watu wa kujitolea walibisha hodi mlango kwa mlango, wakaeleza, wakaandikisha, na baadhi yao wakawalipia jirani zao zile dola 10. Kampuni nayo ikatuma wajumbe wake mitaani. Kufikia siku ya mwisho, tarehe 9 Septemba 2012, mitaa 180 hivi kati ya 202 ilikuwa imefuzu. Funzo ni bayana. Hamu ilikuwapo mashariki mwa Troost kama ilivyokuwapo magharibi. Kilichotofautiana ni mlango wa kuipitishia. Kipimo kilichodai kupima hamu kilikuwa kikipima kadi za benki. Na pasipo jasho la watu wa kujitolea, matokeo yangeandikwa kwamba wale hawakutaka.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu ni anasa, kwa kuwa kila Mkenya ana simu. Hoja hiyo haina mashiko. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti, na ni asilimia 17.9 tu ya kaya zilizokuwa nayo. Miezi michache baadaye, mwezi Machi 2020, shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, mtoto wa nyumba yenye faiba alimwona mwalimu wake kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto wa nyumba isiyo nayo alimngoja mzazi arudi kazini na simu, na simu ikirudi haina bando. Wote wawili walikuja kukalia mtihani mmoja wa taifa, wakasahihishiwa kwa kalamu moja.

Tangu hapo mambo yamezidi kuhamia mtandaoni. Maombi ya nafasi ya chuo kikuu na ya mkopo wa masomo hufanywa huko. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika jukwaa la eCitizen, kuanzia pasipoti hadi cheti cha kuzaliwa. Raia asiye na intaneti nyumbani huyafuata haya yote katika saiba, akalipia huduma, akalipia dakika, akalipia uchapishaji. Ndiyo hadithi ile ile ya maji: wakazi wa vibanda wanaonunua mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba jikoni. Fukara huuziwa rejareja kile ambacho tajiri hukipata kwa jumla.

Watetezi wa kampuni wana hoja nzito zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba kampuni si shirika la sadaka. Ikijenga palipo na hasara itafilisika, na hapo hata wale wachache watakosa. Hayo ni kweli. Hata hivyo, faiba haitandazwi hewani pasipo msaada wa umma. Mitaro huchimbwa kando ya barabara za umma. Nguzo zinazokodiwa ni za shirika la umeme ambalo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi. Mkongo wa taifa ulijengwa kwa fedha ambazo mlipa kodi ndiye atakayezilipa. Leseni hutolewa kwa niaba ya wananchi. Anayekula katika sinia ya wote hawezi kudai kwamba namna anavyoligawa tonge ni siri yake.

Isitoshe, sheria imekwisha kuweka msingi. Marekebisho ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo wenye leseni huichangia sehemu ya mapato yao ili maeneo yasiyo na faida kibiashara nayo yafikiwe. Katiba ya mwaka 2010 inataja usawa na ulinzi wa waliotengwa miongoni mwa tunu za taifa, na katika Ibara ya 204 ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Intaneti haikutajwa humo, na haishangazi, kwa kuwa wakati huo mikongo ya bahari ilikuwa na mwaka mmoja tu. Leo, kuiacha nje ya orodha ya mahitaji hayo ni kusoma herufi na kuipuuza roho.

Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya intaneti ya umma isiyotumia waya. Ahadi hiyo ni njema, lakini kilomita hazisemi lolote kuhusu haki. Kilomita elfu zinaweza kuzunguka mitaa ile ile kama mzabibu kwenye ua wa tajiri. Kinachofaa kuulizwa bungeni, katika mabunge ya kaunti na katika mabaraza ya machifu si idadi pekee, bali mpangilio: zilianzia wapi, zitaishia wapi, na ni nani aliyewekwa mwisho?

Yapo yanayowezekana kufanywa pasipo kumfilisi yeyote. Kwanza, kila mwenye leseni atangaze hadharani ramani ya mitaa anayokusudia kuifikia, utaratibu wake na vigezo vyake. Jambo likitangazwa, aibu nayo hufanya kazi yake. Pili, leseni na vibali vya kaunti viambatane na sharti la kuunganisha mitaa kwa jozi: kampuni inapopewa ruhusa ya kuchimba katika mtaa wenye faida, ijifunge kuufikia na mtaa jirani uliosahauliwa katika muda uliotajwa. Tatu, shule za umma, zahanati na maktaba ziunganishwe kwa sababu ya haja yake, bila kungoja majirani wajiandikishe. Hilo ndilo kosa la Kansas City ambalo halina sababu ya kurudiwa. Nne, mtaro ukichimbwa mara moja utumiwe na wote, ili gharama ya mtaa maskini ipungue. Tano, mitandao inayomilikiwa na jamii yenyewe, mfano wa ule uliojengwa na taasisi ya Tunapanda huko Kibera, ipewe mikopo nafuu na njia rahisi ya kujiunga na mkongo wa taifa.

Kuna na la sita, linalowahusu hasa wapenzi wa Kiswahili. Hamu ya wakazi haipimwi kwa fomu ya mtandaoni iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Ipimwe barazani, sokoni, kwenye chama cha akina mama na mlangoni pa msikiti na kanisa, kwa lugha ambayo Katiba imeitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Bibi anayeuza mboga Kawangware akielezwa kwa Kiswahili fasaha faiba ni nini, bei yake ni kiasi gani kwa juma, na mjukuu wake atafaidi nini, ataweza kutoa jibu. Asipoulizwa, asihesabiwe miongoni mwa wasiotaka. Wanafunzi wa Kiswahili wanaolalamika kwamba taaluma yao haina nafasi katika teknolojia wana kazi hapo, tena ya heshima: kuzitafsiri notisi, kufafanua masharti, na kubisha hodi kama walimu wale wa Kansas City walivyobisha.

Kisu kikali hakikatazwi kukata nyama. Kinachodaiwa ni kwamba nyama ikiwa ya kijiji kizima, wanakijiji wajue inavyogawanywa, na mtoto wa jirani asiachiwe mfupa kwa sababu tu babu yake aliketishwa mbali na moto. Ramani ya mwaka 1913 ilichorwa kwa wino, na wakazi wa mashariki hawakuulizwa. Hii ya leo inachorwa kwa kioo, na bado haijakamilika. Waulizwe sasa, mitaro ikiwa bado wazi.